Chukua jembe ukalime? Vita vya Sudan na methali yetu

Mji wa El Fasher, Darfur, ulizingirwa na wapiganaji wa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, kuanzia Mei 2024 mpaka ulipoanguka tarehe 26 Oktoba 2025. Mwaka mmoja na nusu. Picha za satelaiti zilionesha tuta la udongo likiinuliwa kuuzunguka mji ili asitoke mtu. Juni 2024 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeshapitisha azimio namba 2736 likitaka mzingiro ukome. Haukukoma. Mji ulipotekwa, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, waliripotiwa kuuawa katika hospitali moja ya wazazi. Ule udhuru wa "hatukujua" uliotolewa baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, safari hii hana wa kuutoa.

Barazani kwetu kila Sudan ikitajwa watu hugawika kabla kahawa haijapoa. Wako wanaotaka dunia iingie, na wako wanaotoa methali: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi ni mtu wa Pemba, na kwa muda mrefu nimekuwa upande wa jembe. Kambi hiyo ina hoja.

Hoja ya kwanza ni Libya. Machi 2011 azimio 1973 la Baraza la Usalama liliruhusu "hatua zote" kuwalinda raia wa Benghazi, na nchi tatu za Afrika zilizokuwa barazani, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, zikaliunga mkono. Miezi saba baadaye Gaddafi ameuawa, serikali haipo, na silaha za maghala yake zimetapakaa hadi Mali. Aliyeitwa kuzima moto kwenye paa aliibomoa nyumba. Tangu hapo Urusi na China hazisikii neno "kulinda raia" bila kukumbusha Libya, na hatuwezi kusema wanazua.

Hoja ya pili ni sisi wenyewe. Yetu haikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nisieleweke kuyalinganisha mauti ya Darfur na ya hapa. Lakini wageni tulikuwa nao. Baada ya uchaguzi wa 1995 wafadhili walisitisha misaada kwa Zanzibar. Nilikuwa mtoto wa skuli Wete wakati huo. Dhiki niliiona darasani na hospitalini, lakini sikumbuki kumuona kiongozi aliyekonda. Jumuiya ya Madola ikaleta msuluhishi wake, muafaka ukatiwa saini Juni 1999, na yaliyoandikwa mengi yakabaki kwenye karatasi. Januari 2001 watu zaidi ya 30 wakauawa kwenye maandamano, wengi wao Pemba, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka kwa mashua kwenda Shimoni, pwani ya Kenya. Muafaka wa pili, wa Oktoba 2001, chama tawala CCM na chama cha upinzani CUF waliuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Na maridhiano yaliyozaa serikali ya umoja wa kitaifa yalianza Novemba 2009 pale Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, walipokutana wawili, bila mzungu wala mjumbe wa mtu. Julai 2010 wananchi wakayapitisha kwa asilimia 66.

Anayesema "waacheni wamalizane" ana ushahidi wa nyumbani, basi. Ila ushahidi huo una tundu. Wale waliovuka kwenda Shimoni walipokelewa na nani? Kupokea mkimbizi nako ni kuingilia, na pengine ndiko kunakookoa watu wengi kuliko kwengine kote. Chad, nchi masikini mno, inafanya hivyo hivyo kwa Wasudani leo, na wanaosifu jembe hawaihesabu.

Tundu la pili ndilo lililonitoa mimi kwenye kambi hiyo. Methali inadhani kuwa kila jirani amekwenda shamba. Zanzibar ya 2001 hapakuwa na nchi inayoshusha silaha usiku kwa upande mmoja. Sudan wanashusha. Januari 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliziita za kuaminika tuhuma kwamba ndege kutoka Falme za Kiarabu zilikuwa zikipeleka silaha kwa RSF kupitia uwanja wa Amdjarass, mashariki ya Chad. Falme hizo zinakanusha mpaka leo. Jeshi la Sudan, linaloongozwa na Jenerali Burhan, nalo limeripotiwa kupata droni za Iran na za Uturuki. Na dhahabu ya Sudan, inayolipia pande zote mbili, sehemu yake kubwa huishia Dubai.

Dubai hiyo hiyo. Sisi wa Darajani, sokoni mjini Unguja, tunaijua kuliko tunavyoijua Dodoma. Nguo za Idi zinatoka huko, simu zinatoka huko, vidani vya maharusi vinatoka huko. Nilipolisema hili barazani, mfanyabiashara mmoja, mtu wangu wa karibu, aliniuliza kama namtaka afunge duka. Simtaki afunge. Nataka tusiseme kuwa Sudan ni ugomvi wa ndugu wawili na sisi tumo shambani tunalima.

Upande wa pili nao usidhani umeshinda. Tanzania imepeleka watu wake Darfur kwa kila njia inayopendekezwa, na matokeo yao yanafundisha.

Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, ndiye aliyekuwa msuluhishi mkuu wa Umoja wa Afrika kule Abuja. Mei 2006 mkataba wa Darfur ulitiwa saini na serikali na kundi moja la waasi, la Minni Minnawi; wengine walikataa, na vita vikaendelea. Msuluhishi hawezi kuwapa watu amani wasiyoitaka.

Wakafuata askari. UNAMID, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, ulianzishwa 2007, na Julai 2013 Watanzania saba waliuawa Darfur Kusini kwa siku moja. Ujumbe ulilaumiwa, na kwa haki, kwa kuwaacha raia mara nyingi. Lakini ulifungwa mwisho wa 2020, na vita vilipoanza Aprili 2023 Darfur haikuwa hata na hicho kidogo. Katika mji wa Geneina peke yake, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitaja makadirio ya watu 10,000 hadi 15,000 waliouawa mwaka huo, wengi wao wa kabila la Wamasalit. Mlinzi mvivu ana kasoro zake, lakini asipokuwepo ndipo unapoijua thamani yake.

Mahakama? Baraza la Usalama lilipeleka kesi ya Darfur kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2005. Ali Kushayb, kiongozi wa wanamgambo wa Janjaweed, alihukumiwa miaka 20 mwishoni mwa 2025, kwa makosa ya 2003 na 2004. Ni haki, na sitaki kuidharau. Lakini mtoto aliyezaliwa siku ile kijiji chake kinachomwa leo ni mtu mzima, na huenda anakimbia tena.

Wa tatu ni Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wetu mstaafu, anayeongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza ukweli Sudan. Septemba 2024 ujumbe wake ulipendekeza mambo mawili makubwa: kikosi huru cha kulinda raia, na vikwazo vya silaha vitanuliwe vifike Sudan nzima. Serikali ya Sudan ilikataa. Novemba mwaka huo Uingereza na Sierra Leone zilipeleka Baraza la Usalama rasimu ya kutaka mapigano yasite. Wajumbe 14 waliikubali, Urusi ikapiga kura ya turufu kwa hoja ya mamlaka ya nchi. Jembe lile lile.

Kati ya mapendekezo hayo mawili, la kikosi naliona zito. Nani atapeleka vijana wake, na kwa ruhusa ya nani? La pili halihitaji askari hata mmoja. Vikwazo vya silaha vilivyowekwa 2004 vinahusu Darfur tu, na huhuishwa kila mwaka hivyo hivyo, kana kwamba bunduki ikishushwa Port Sudan haiwezi kupanda gari. Kuvitanua ni kalamu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaudhi wenye pesa.

Afrika nayo ina kalamu yake. Mkataba ulioanzisha Umoja wa Afrika, uliopitishwa Lomé Julai 2000 Salim akiwa bado katibu mkuu wa OAU, umoja uliotangulia, unaupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama pakitokea mauaji ya kimbari au uhalifu wa kivita. Ni ibara ya 4, kifungu (h). Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo lilijaribu kukitumia kwa Burundi, askari 5,000. Rais Nkurunziza wa Burundi akakataa, na marais wenzake mwezi uliofuata wakaliweka kando. Baraza hilo liliadhimisha miaka 20 yake Dar es Salaam tarehe 25 Mei 2024, mwezi ule ule El Fasher ilipoanza kuzingirwa.