Lile wingu la kusini wafundishwe watoto wa Tanga

Jamani mi hii kitu inaniuma kweli, watoto wetu wanaonyeshwa picha za nyota zilizolipuka, wanashangaa kidogo halafu imeisha, hakuna anayewaambia wataalamu walijuaje kama yale ni mabaki ya nyota iliyokufa. Na utamu wote uko hapohapo.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, kaskazi imeshika na mwezi haupo, nenda Mwambani kama saa tatu usiku utazame kusini. Utaona kiwingu cheupe ambacho upepo haukipeleki popote. Ile ni galaksi, Wingu Kubwa la Magellan, iko mbali miaka ya nuru kama 160,000, na mwaka 1987 nyota ililipuka mle watu wakaiona kwa macho matupu. Ulaya hawalioni kabisa, sisi tunalo juu ya minazi!

Mle mabaki yanayojulikana yanapita 50. Sasa shida, gesi inayomulikwa na nyota changa zenye joto kali nayo inawaka nyekundu vilevile, kwa picha tu unaweza kudanganyika. Ndo wanapitisha mwanga kwenye spektroskopu unachambuka kuwa mistari, wanapima mng'ao wa ule wa hidrojeni, wenye urefu wa wimbi nanomita 656.3, na wa miwili ya salfa, 671.6 na 673.1, mng'ao wa salfa yote miwili ukijumlishwa ukifika kama 0.4 ya ule wa hidrojeni au ukazidi basi hapo wimbi la mlipuko limepita. Kwa nini? Karibu na nyota za moto salfa inanyang'anywa elektroni zaidi ya moja na mistari ile inafifia, ila gesi iliyopigwa na wimbi ikianza kupoa, salfa nyingi inakuwa imepoteza moja tu, inang'aa. Wanaastronomia Mathewson na Clarke walishatumia kipimo hiki kwenye wingu hilohilo mwaka 1973. Na ile miwili ya salfa ukiilinganisha yenyewe kwa yenyewe unajua gesi imesongamana kiasi gani, yaani mistari miwili tu!

Najua mtasema vifaa ghali. Mi nilichukua boksi la viatu, kipande cha sidii mbovu, na nyembe mbili za kuachia ufa mwembamba, nikaunda spektroskopu yangu, nikaenda kwa mama chapati hapa Ngamiani, akadondosha chumvi kwenye moto wa gesi, mstari wa njano wa sodiamu ukatokea palepale. Mwanae wa darasa la sita akalichukua boksi.

“Mjomba, kwa hiyo na kwenye Jua wanaweza kujua kuna nini?”

Nikamwambia ndiyo, na sodiamu ya hiyo chumvi ya mama yako ipo kulekule. Hakunirudishia boksi mpaka chapati zikaisha.