Gitaa la Maisha Halichaguliwi kwa Wingi wa Vitufe

Inaniudhi kumwona mtu aliyejinyima miezi na miezi akikusanya pesa ya gitaa, anaingia dukani, na swali lake la kwanza ni: "Lina ekwalaiza ya bendi ngapi?" Muuzaji naye anajibu haraka kwamba ni tano, tena lina tyuna ndani na kioo kinachowaka. Gitaa linachomekwa kwenye spika, linanguruma vizuri, pesa inahesabiwa. Hakuna aliyechungulia ubao wala aliyeinua shingo usoni akaitazama. Halafu hilo ndilo linaitwa gitaa la kuzeeka nalo.

Msimamo wangu ni mmoja na sitauficha. Kwenye gitaa kavu lenye umeme, kinachokaa nawe maisha yote ni mbao. Umeme unakuja na kuondoka. Nyumba haijengwi kufuata swichi za taa. Kwa hiyo nunua gitaa ambalo umeme wake unaweza kung'olewa wote leo, ukawekwa mwingine kesho, bila msumeno kugusa ubao.

Tazama ubavuni, upande wa juu karibu na shingo. Magitaa mengi ya bei ya kati yana tundu la mstatili limekatwa hapo, ndani yake kumepachikwa priempu (kikuza sauti kidogo) ya plastiki yenye vitelezi, tyuna na kisanduku cha betri. Vumbi na jasho vikishaingia, vitelezi huanza kukwaruza. Kioo cha tyuna hufifia. Betri ya volti 9 ikisahaulika ndani huvuja, na uchafu wake hula vile vibati vya shaba mpaka mawasiliano yanakatika. Haya yote yanatengenezeka kama vipuri vipo. Lakini kiwanda kinapobadilisha modeli, priempu mpya huja na vipimo vyake, na milimita tatu za tofauti zinatosha kukukwamisha. Fundi anabaki na njia mbili: apanue tundu, au azibe kwa fremu na vipande vya mbao. Ubavu wa gitaa una unene wa milimita mbili na ushee tu, na kila anapoupanua anaudhoofisha. Gitaa ambalo mbao zake zingekaa miaka hamsini linatupwa kona kwa ajili ya kipande cha plastiki. Hilo ndilo linaloniuma.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: jeki, yaani tundu la kuchomekea waya, iwe kwenye kile kifundo cha mkanda kule nyuma, na vidhibiti, kama vipo, viwe vigurudumu viwili vidogo vilivyobandikwa ndani ya ukingo wa tundu la sauti. Pikapu, yaani vinasa sauti vya gitaa, za LR Baggs Element na Fishman Matrix Infinity zimekaa hivyo. Tundu kubwa pekee linalotobolewa ni la jeki, kama milimita 12, mahali ambapo tayari palikuwa na tundu la kifundo. Zikifa, zinachomolewa kwa mkono na spana.

Kuna njia nyepesi zaidi, ya pikapu isiyotumia betri kabisa. K&K Pure Mini, kwa mfano, ni visahani vitatu vinavyogundishwa kwa supagluu ya jeli kwenye bamba la ndani chini ya daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni mwa gitaa: kimoja kati ya uzi wa kwanza na wa pili, kingine kati ya wa tatu na wa nne, cha mwisho kati ya wa tano na wa sita, vyote kwenye mstari wa kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi. Hakuna kitelezi cha kukwaruza wala betri ya kuvuja. Sauti yake ni ya ubao mzima, haina ule ukali kama wa bata akilia unaotolewa na piezo (kihisi kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) iliyokaa chini ya mfupa ukipiga kwa nguvu.

Hapa ndipo wengi huziacha, wakisema pikapu hizi zina sauti nyembamba na dhaifu. Si kosa la pikapu. Piezo isiyo na priempu inataka kuingia kwenye kifaa chenye ukinzani mkubwa, kuanzia megaomu 1 kwenda juu. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye laini ya miksa, ambayo mara nyingi ni kiloomu 10 tu, besi inapotea na kinachobaki ni mlio wa bati. Weka katikati kisanduku cha DI, kiunganishi cha gitaa na miksa, kilichotengenezwa kwa ajili ya piezo. LR Baggs Para DI ina megaomu 10 na inakubali betri au volti 48 kutoka kwenye miksa. Kisanduku kikiharibika, kinakwenda kwa fundi peke yake na gitaa linabaki nyumbani likipigwa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Takamine wana priempu za ubavuni zinazochomoka, na wamejitahidi kuweka vipimo vile vile ili mpya iingie penye tundu la zamani. Hao wamefikiria. Na mpigaji wa kwaya au wa harusi anayehangaika na spika ngeni kila wikendi ana haki ya kutaka kitufe cha kukata mluzi wa spika karibu na mkono. Ila hata yeye atasaidiwa zaidi na kifuniko cha raba cha tundu la sauti na DI yenye kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti).

Baada ya hapo ndipo tuzungumze mbao, na hapa usikubali kuambiwa, angalia mwenyewe. Ubao wa mbele lazima uwe wa mbao halisi, si plaiwudi. Washa tochi ya simu, tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya nyuzinyuzi za mbao inayoonekana juu inatakiwa kuendelea kushuka kwenye ukingo huo huo mpaka chini. Ukiona tabaka, mstari mweusi katikati ya mieupe miwili, hiyo ni plaiwudi. Ukingo ukiwa umepakwa rangi au umezungushiwa plastiki, muulize muuzaji namba kamili ya modeli na uitafute kwenye tovuti ya kiwanda: neno la kutafuta ni "solid top". "Spruce top" pekee haitoshi. Yamaha APX600, gitaa linalopendwa sana majukwaani, lina ubao wa mbele wa plaiwudi, na ni chombo kizuri cha kazi, lakini usilinunue ukidhani sauti yake itakomaa na miaka.

Nyuma na ubavuni sina ukali huo huo. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, plaiwudi nyuma na mbao halisi mbele si aibu hata kidogo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi kuliko ule wa asilimia 45 hadi 55 ambao viwanda hutengenezea magitaa. Mbao halisi kila upande hunywa unyevu huo na kuvimba, plaiwudi hutulia. Yamaha FG180 zilizoanza mwaka 1966 zilikuwa plaiwudi hata mbele, na mpaka leo zipo zinazopigwa. Magitaa ya kaboni ndiyo hayajali hewa kabisa, kwa anayeipenda sauti yake.

Shingo ndiyo inayoamua kama gitaa litafika miaka thelathini. Mvuto wa nyuzi haupumziki, na taratibu pembe kati ya shingo na mwili hubadilika, nyuzi zinapanda juu. Chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, katikati ya shingo mpaka ncha ifike kwenye daraja. Ncha inatakiwa igote juu kabisa ya daraja au ipite juu yake kidogo. Ikigonga uso wa daraja chini ya ukingo wa juu, pembe imeshakwenda. Kisha angalia ule mfupa: unatakiwa uchomoze kama milimita 3 juu ya daraja. Ukikuta umesagwa mpaka umebaki milimita 1 na bado nyuzi ziko juu, mwenye nalo amekwishatumia akiba yote, na kinachofuata ni kuing'oa shingo na kuiweka upya. Kazi hiyo kwa shingo iliyogundishwa ni ya mvuke na siku kadhaa, na mafundi wanaoiweza ukanda wetu ni wachache. Kwa shingo ya bolti ni suala la kufungua, kubadilisha vipande vyembamba vya kuegemea na kufunga. Taylor wanafanya hivyo tangu 1999. Ndiyo maana ninayeishi mbali na viwanda naipa bolti alama nyingi, hata kama wapenzi wa gundi wananuna.

Kwenye duka hilo hilo, bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya kumi na nne kwa wakati mmoja, tazama mwanya juu ya freti ya saba. Unene wa kadi ya biashara, au chini kidogo, ni sawa. Ukizidi, ile fimbo ya chuma iliyomo shingoni inakazwa kwa robo mzunguko, si zaidi kwa mara moja. Mwanya wa freti ya kumi na mbili uwe kama milimita 2.4 chini ya uzi wa sita na 1.8 chini ya uzi wa kwanza. Ukiwa mkubwa kidogo usikimbie, maana mfupa unasagwa chini yake: kila milimita 1 unayoondoa hapo inashusha nusu milimita kwenye freti ya kumi na mbili. Piga kila uzi kwenye kila freti. Ndiyo, zote. Jaribu kupenyeza karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia, daraja limeanza kubanduka. Kitambi kidogo cha ubao nyuma ya daraja ni cha kawaida, ila bonde mbele yake, upande wa tundu, ni dalili mbaya.

Halafu, mwisho kabisa, chomeka waya. Piga nyuzi sita kwa nguvu ile ile. Kwa piezo ya chini ya mfupa, kasoro inayojitokeza sana ni uzi mmoja kufifia, mara nyingi wa kwanza au wa sita. Watu hudhani pikapu imekufa. Kwa kawaida kitako cha mfupa hakiko sawasawa, au kuna unga wa mbao kwenye mfereji. Dawa yake: legeza nyuzi, uchomoe mfupa, bandika msasa namba 400 juu ya kioo, usugue kitako ukiwa umeushikilia wima mpaka ung'ae sawa kotekote, safisha mfereji kwa brashi kavu, rudisha. Mfupa uingie kwa kusukumwa na kidole. Ukibana sana pembeni hauikandamizi piezo.

Fundi akikushauri daraja au bamba la freti la mpingo, msikilize. Mti wa Lindi na Ruvuma unaoheshimiwa dunia nzima kwa klarineti unafaa kabisa. Ila mpingo una mafuta, na gundi ikipakwa bila kuufuta kwanza kwa asetoni siku hiyo hiyo, daraja litang'oka. Tena ni mzito, hivyo daraja lichongwe jembamba, la sivyo litaufunga ubao mdomo.

Umbo? Mwenye kuchapa nyuzi zote akisindikiza waimbaji achukue mwili mpana. Mwenye kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada, kama walivyofanya kina Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Katanga mwaka 1952, achukue mwili mdogo wa aina ya 000 au OM. Unaitika kwa mguso mwepesi na haupigi mluzi haraka kwenye spika.

Nikilazimishwa kutaja majina: Yamaha LL6 ARE na LL16 ARE. Zote zina ubao halisi mbele, LL16 ni halisi na nyuma, na pikapu yake haina betri wala tundu la ubavuni. Martin 000-15M huja bila umeme kabisa, mahogani tupu. Unalinunua, unalipiga, halafu unaweka pikapu unayoitaka. Pesa ikiwa ndogo, tafuta modeli yoyote ya "solid top" isiyo na umeme, maana kwa bei ile ile ya gitaa lenye vitelezi utapata mbao bora zaidi, na pikapu itafuata mwakani.

Bajeti usiimalize yote kwenye gitaa. Acha ya kesi ngumu, ya kipima unyevu kidogo cha kuweka ndani yake, na ya pakiti za kusawazisha unyevu. Masika, pwani, ubao huvimba na nyuzi hupanda; kiangazi cha Dodoma au chumba chenye kiyoyozi usiku kucha, ncha za freti huanza kukwaruza mkono kwa sababu shingo imesinyaa. Nyuzi za shaba zenye utando, za unene wa 12 hadi 53 (elfu za inchi), hustahimili jasho la pwani kuliko za kawaida. Ukimaliza kupiga, chomoa waya, kwa sababu jeki ndiyo inayowasha priempu. Na usiliache ndani ya gari lililofungwa juani: joto likipita nyuzi joto 60, gundi ya daraja inaanza kulegea, na mvuto wa nyuzi unamaliza kazi kabla hujarudi kutoka sokoni.