Muhuri wa Reach si kanzu ya kuazima

Wakusanyaji wengi wa magongo ya zamani ya besiboli wakiona muhuri wa Reach husema hilo ni gongo la Spalding lililovaa kanzu ya kuazima. Hoja yao ina mashiko. Albert Spalding, aliyefungua duka la vifaa vya michezo Chicago mwaka 1876, aliinunua biashara ya Al Reach wa Philadelphia kabla karne ya 19 haijaisha, akaliacha jina palepale. Kuanzia 1901, kati ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, Ligi ya American ilichezea mpira wa Reach, Ligi ya National wa Spalding. Mteja alidhani anaona washindani wawili, kumbe fedha zinaingia mfuko mmoja. Hilo silitetei.

Ila kumwita Reach jina tupu ni kumdhulumu. Alizaliwa London mwaka 1840, akawa miongoni mwa wachezaji wa mwanzo kulipwa nchini Marekani, kisha akawauzia vifaa watu wa Philadelphia waliokwisha kumwona uwanjani. Shika gongo la mbao la enzi hizo. Muhuri umechomwa kwa chuma cha moto kwenye ubapa wa nyuzi za mbao, mahali dhaifu, na mpigaji alifundishwa kuuelekeza juu ili mpira usigonge hapo. Kila alipojiandaa kupiga, jina la duka lilikuwa mbele ya macho yake.

Halafu kuna mwaka 1911, ambao siwezi kuupita. Mwaka 1910, katika kila zamu 1,000 za kupiga kwenye Ligi ya American, 243 zilizaa pigo safi, yaani lililomfikisha mpigaji kituoni. Msimu uliofuata zikawa 273. Thelathini zaidi, kwa mwaka mmoja! Mpigaji Ty Cobb peke yake alifikia 420. Ni kweli msimu mmoja una mambo mengi, lakini magongo yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni tumbo la mpira. Ndani yake sasa mlikuwa na kiini cha koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, badala ya raba tupu. Aliyekibuni ni Ben Shibe, mshirika wa Reach, akakipatia hataza mwaka 1909, miaka mingi baada ya biashara kuuzwa.

Na mwaka huohuo wa 1911, mipira ya Ligi ya National yenye muhuri wa Spalding nayo ilikuwa na koki ndani.