Usiniambie injini haijafunguliwa

Nimetafuta gari kwa miezi mitatu hapa Mwanza, na sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko "karibu mteja" ni hii: "Injini haijafunguliwa," yaani haijawahi kufumuliwa na fundi. Dalali wa Buzuruga anaisema, wa Nyegezi anaisema, na mwenye gari anayeuza kwenye kundi la WhatsApp anaiandika kwa herufi kubwa. Wanaitamka kwa sauti ya mshenga anayemsifia binti wa watu: katulia, hana makuu, hajaguswa.

Siku hizi nikiisikia naukaza mkoba kwapani. Gari la dizeli la mwaka 1999, limepita kwa wamiliki watatu, limepanda na kushuka Isamilo sijui mara ngapi, halijawahi kufunguliwa? Ama limelala chini ya turubai maisha yake yote, ama anayeniambia hajui, ama anajua. Najua nitawakera wengi, lakini kwa fedha za mtu wa kawaida afadhali dizeli iliyofunguliwa, mradi nijue ilifunguliwa kwa nini.

Nieleze shida yangu kwanza. Nauza vyakula vya kuku Buswelu, na nina banda ng'ambo, Sengerema. Zamani safari ya ng'ambo ilikuwa ni hesabu ya pantoni: ukichelewa, unakaa Kigongo unatafuna mahindi ya kuchoma na kuangalia maji. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 unazivuka kabla wimbo wa redioni haujaisha, na mimi nikajikuta naenda kila wiki, wiki nyingine mara mbili. Mifuko minane ya kilo 50 ni kilo 400. Hiyo si kazi ya kigari cha kwendea kanisani.

Kwa hiyo dizeli. Lakini hata hapo nilishika kalamu, maana watu husema dizeli ni nafuu kama vile wanavyosema sukari ni tamu. Tuseme dizeli inakwenda kilomita 9 kwa lita, na petroli ya ukubwa uleule kilomita 7. Bei zote mbili tuziweke shilingi 2,800 kwa lita ili tusigombane, kwa sababu EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na huku kwetu bei hubeba pia gharama ya kuyasafirisha mafuta kutoka bandarini. Mtu wa kilomita 100 kwa wiki anaokoa lita 3 na kidogo, shilingi 9,000 hivi. Kwa mwaka haifiki hata laki tano. Mtu wa kilomita 400 kwa wiki anaokoa karibu milioni 1 na laki 8. Sasa ipasuke hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini. Nunua hedi, gasketi, oili, mlipe fundi, panda bodaboda wiki mbili. Yule wa kwanza akiba yake ya miaka imekwenda na maji. Kama safari zako ni Pasiansi kwenda mjini na kurudi, nunua petroli ulale usingizi.

Gari la kwanza nililoliendea kwa nia ya kununua lilikuwa Buzuruga. Sitaji aina yake. Nilifika saa moja asubuhi na fundi wangu, na makusudi sikumwambia dalali kwamba nitawahi hivyo. Fundi hakufungua mlango wala kupiga teke tairi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akaniangalia. Ya moto.

"Nimeliwasha kidogo dada, si unajua kuna baridi," dalali akasema. Baridi! Mwanza!

Dizeli haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na ndiyo maana hubana sana: injini ya Toyota ya 1KZ-TE, kwa mfano, huibana hewa mara 21 hivi, wakati petroli nyingi huishia kama mara 10. Ubanaji ukichoka, au plagi za kupasha moto zikifa, ugonjwa unaonekana injini ikiwa ya baridi: itazungushwa mara nyingi kabla ya kuwaka, itatoa moshi mweupe, itatetemeka kama mtu wa malaria. Ikishapata moto inajikaza. Kulipasha gari kabla mnunuzi hajafika ni kummezesha mgonjwa panadol kabla ya kupimwa homa.

Fundi akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, akakigeuza, akakilaza juu ya tundu. Kifuniko kikacheza, kikaruka, kikadondoka chini. Maana yake hewa ya kwenye silinda inapita pembeni ya ringi za pistoni, zilizochakaa, na kuingia kwenye oili. Injini inapumua, kama wanavyosema wenyewe. Dalali akamgeukia fundi, si mimi: "Kaka, mweleweshe dada, hii ni mashine, haijafunguliwa." Ndiyo, na ilipaswa kufunguliwa muda mrefu. (Kina dada mnaotafuta gari: nendeni na fundi, lakini pesa zikae kwenu, na anayezungumza na fundi wako badala ya wewe mwambie akamuuzie huyo fundi.)

Baada ya hapo mdogo wangu akaja na wazo la Mazda CX-5 ya dizeli, ile ya 2.2. Gari zuri, limejaa kila mahali, linavuta. Shida yangu haikuwa gari, ilikuwa njia zangu. Dizeli za kizazi hicho zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Masizi yakijaa, gari huyachoma lenyewe, lakini linahitaji mwendo mrefu na moto wa kutosha. Siku tano za wiki mimi natoka Buswelu kwenda Kirumba, nasimama, nazima, narudi. Chujio linaanza kujichoma, mimi nimeshafika. Mafuta yaliyomwagwa kwa ajili ya kuchoma masizi huishia kwenye oili na kuipandisha. Ndiyo maana kijiti cha oili cha gari hilo kina alama ya X juu ya ile ya kujaa, usiivuke. Na mafundi wetu dawa yao ni moja: kulitoboa chujio na kuzima taa. Ukilikuta limetobolewa, huna njia ya kujua lilifikia hapo kwa uzembe gani. Kwa mtu wa Mwanza–Dar kila wiki ningesema lingine.

Ndipo nikampata mzee wa Kitangiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kabla hujaliangalia, soma hili."

Akanipa daftari la kaunta, lile la wanafunzi, kona zimeliwa. Ndani, kwa kalamu ya wino na mwandiko wa mwalimu, maisha yote ya Toyota Prado ya 1999, yenye injini ileile ya 1KZ, tangu alipoinunua. Tarehe, kilomita, kilichofanyika, kiasi, jina la gereji. Bushi za mbele. Shokapu. Mkanda wa taimingi, ambao kwenye 1KZ hubadilishwa kila kilomita 100,000 na gari lenyewe hukukumbusha kwa taa ya T-BELT. (Niliwahi kuona moja Igoma ambayo ukizungusha ufunguo taa zote zinawaka kasoro hiyo. Mtu alitoa balbu. Fikiria akili ya mtu huyo.) Na kwenye ukurasa wa katikati, kwa herufi nzito: gari limechemsha njia ya Magu, pampu ya maji ilivuja, hedi imepasuka. Hedi mpya. Chini yake, siku ileile: pampu mpya ya maji.

Ukurasa huo ndio uliouza gari. Hedi ya injini hiyo ni aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma. Zikipata moto kupita kiasi kila moja hutanuka kwa kiasi chake, na hedi ndiyo inayolipa. Fundi yeyote wa Nyakato atakwambia 1KZ iliyochemsha sana hupasuka hedi. Kukuta moja ya umri huu yenye hedi iliyobadilishwa si aibu, ni kama kukuta mzee mwenye meno ya bandia. La kuuliza ni nini kiliichemsha na kama bado kimo ndani. Gari lingine nililoliona lilikuwa na risiti za gasketi mara tatu kwa mwaka na nusu, na mwenyewe akiona fahari: "Nimelihudumia sana." Amehudumia homa, mbu wanamng'ata.

Lakini daftari si malaika. Tulipofungua rejeta asubuhi ikiwa ya baridi, maji yalikuwa na rangi ya chai. Tukalitoa barabarani, tukapanda Isamilo, tukapanda mlima wa Bugando kwa gia ya pili na kiyoyozi kikiwaka. Sindano ya joto haikunyanyuka. Ilikaa chini kabisa, imelala. Mimi nikafurahi. Fundi akanuna.

"Dada, hii haina themostati."

Themostati ni kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike kama nyuzi 80. Mafundi wetu wameigeuza adui: gari likichemsha, wanaing'oa, sindano inashuka, mteja anatoa tabasamu na pesa. Wewe unaondoka na injini isiyopata moto wake, inayokula mafuta na kujisaga polepole, na rejeta iliyoziba isiyoonekana. Tena kwenye injini nyingi za aina hii themostati ikifunguka huwa inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Mjini huoni kitu. Siku una mifuko minane na mlima mrefu, ndipo unaona. Ni kumfukuza mlinzi getini halafu ukafurahi kwamba hakuna anayegonga.

Mzee hakujua. Alikwenda ndani, akarudi na miwani, akapekua daftari lake, hakuna. "Fundi aliniambia huku kwetu kuna joto, haihitajiki," akasema, na nilimwona ameumia kuliko mimi. Si kwa ajili ya bei. Kuna kitu kilifanyika kwenye gari lake na hakikuandikwa.

Hapa nina ugomvi na sisi sote wa kando ya ziwa. Maji tunayo mengi mno, na tunayatia kwenye rejeta kama tunavyotia kwenye ndoo. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya gari ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa mgandamizo wake hukipandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110. Kifuniko kikilegea springi, umepoteza kinga yote hiyo, na ni kitu cha bei ndogo kuliko tairi la pikipiki. Kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, nayo si urembo. Bila hiyo maji matupu hula aluminiamu na kutu hujaza njia nyembamba za rejeta. Ile chai tuliyoiona ilikuwa inatengeneza safari ya pili ya Magu.

Ya karatasi niliyafanya haraka: jina kwenye kadi ni la mzee, namba ya chasisi na ya injini zinalingana na kadi, hakuna deni la faini za barabarani, kadi haiko rehani benki. Asiyefanya haya asinililie.

Kisha fundi akapima ubanaji wa silinda moja moja. Zote nne zilikaribiana, na hilo kwangu lilitosha. Hatukubishana na mzee juu ya hedi, iliyolipiwa na kuandikwa. Tulibishana juu ya ambayo hayakuandikwa: rejeta ifunguliwe na kusafishwa, themostati, kifuniko kipya, mipira miwili iliyovimba, kulanti. Alipunguza laki nane. Mke wake akaleta chai, ya maziwa nashukuru.

Shemeji yangu ananicheka mpaka leo: "Umenunua gari lililofunguliwa hedi!" Lake halijafunguliwa. Anajaza maji kila asubuhi na anasema ni kawaida ya dizeli.

Daftari nilipewa pamoja na ufunguo. Nimeanza ukurasa wangu, mwandiko mbaya kidogo, ingizo la kwanza likiwa themostati. Mzee hupiga simu kila Jumamosi jioni, saa ambazo anajua nimesharudi kutoka Sengerema. Namwamkia, anaitikia, na kabla sijamuuliza hali yake anauliza sindano ilisimama wapi.