Miche tunahesabu, matawi nani anayaangalia?

Saipresi yenye wadudu huijui kwa kuitazama ukiwa barabarani. Sogea kwenye ua wa miti hiyo, fungua matawi uchungulie ndani. Utakuta vidukari wa kahawia wamejipanga kwenye vitawi, sisimizi wanapanda na kushuka wakifuata majimaji matamu yanayowatoka, na majani yamepakwa ukungu mweusi kama masizi. Kwa nje ua bado ni kijani. Ukingoja mpaka nje nako kubadilike rangi, umechelewa.

Mdudu huyu alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa ameshaingia Kenya. Hahitaji dume ili azaane. Tena mate yake ni sumu kwa mti, kwa hiyo akifyonza, kitawi kizima hukauka. Nyua zikafa, mashamba ya miti ya serikali yakafa, na mtarakwa wetu wa asili nao ukashambuliwa. Malawi hata mwerezi wa Mulanje, mti wao wa taifa, haukupona.

Dawa? Nani atapulizia msitu mzima? Kilichosaidia ni nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum, aliyeachiliwa Malawi mwaka 1994, kisha Kenya. Hutaga yai ndani ya kidukari, na buu likishaanguliwa humla mwenyeji wake mpaka libaki ganda. Kazi safi, na hadai posho.

Kinachoniudhi ni kwamba hatukuanza na kidukari huyo wa saipresi. Kidukari sufi wa misonobari alifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kwenye vikonyo vya kubebeshea, yaani vitawi vya kuunganishwa kwenye mti mwingine, vilivyoagizwa Australia. Yaani tulimwagiza wenyewe! Na bado tunapanda aina moja ya mti, ekari kwa ekari, mdudu akila wa kwanza wa pili uko palepale.

Sasa Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sina ugomvi na lengo hilo. Ila mvua zikianza, waheshimiwa wanapiga picha na miche. Sijaona hata mmoja akipindua tawi la mti wa miaka minne. Mimi ningepunguza fungu la miche, niajiri vijana wa vijiji vinavyopakana na misitu wapite humo kila mwezi, hasa kiangazi ambapo miti ina kiu na vidukari huiumiza zaidi, wawe na namba ya simu ya mtafiti anayepokea.