Siku niliyomwacha makanga

Jamani hii mavyaa anaihadithia Mombasa nzima kwa mbwembwe, kwa hivyo nami bora niseme upande wangu mapema.

Alikuja kututembelea huku Maine, Marekani, akachoka kukaa ndani, mimi nikajifanya mkwe wa maana nikampeleka makumbusho ya tramu za zamani, yale magari ya reli ya umeme yaliyokuwa yakibeba watu mjini kabla mabasi hayajawanyang'anya kazi, na nyingine bado zatembea. Mavyaa kuiona akacheka. Ati babu yake alimhadithia troli za Mombasa, zatoka Mji wa Kale mpaka Kilindini, bwana mkubwa kakaa juu na watu wanasukuma kwa nyuma. "Na hii nani atasukuma, wewe?"

Konda, mzee wa kofia na tai, akasema tramu nyingi zilipostaafishwa watu walinunua bodi wakafugia kuku, mpaka walipotokea wa kuzikomboa. Nikamtafsiria mavyaa. Kosa kubwa. Safari nzima kaziba pua na mtandio.

Sasa reli ilipoishia, gari haligeuzwi. Konda anashuka, anavuta kamba, anautoa ule mlingoti wa juu unaovuta umeme kwenye waya (volti 600, si mchezo), anauzungusha au anausimamisha wa upande wa pili, dereva naye anachomoa mpini wake wa kuendeshea anahamia nao nyuma, na nyuma ndio pashakuwa mbele. Abiria nao mnasukuma maegemeo ya viti muangalie mnakokwenda. Konda akaomba msaada kabla hajashuka, na wa kwanza nani? Nikalishika egemeo la henzirani nikalisukuma kwa nguvu zote za mkwe anayetafuta sifa, sikuangalia, kumbe mavyaa kainama anaokota kipochi. Likamzoa! Akaenda akatua mapajani mwa babu mmoja wa kizungu aliyekuwa akila zake bisi.

Nikaruka kumuokoa nikayumba, nikadaka kamba iliyopita darini, nikidhani ni ya kushikilia kama ya basi. Ding. Nikaiachia, nikayumba tena, nikaidaka. Ding.

Kengele moja ni simama. Mbili ni twende.

Tramu ikang'oka, konda yuko chini kwenye kokoto anapangusa mikono. Mzee alikimbia kofia mkononi tai begani, na mimi nagonga dirisha napiga kelele "shukisha!" kwa Kiswahili, sijui nilikuwa namwambia nani. Dereva akafunga breki hata hatujafika mbali, bisi zikamwagika zote.

Konda akapanda anahema, hakusema neno, akanionyesha kiti, na mikono niiweke mapajani. Mavyaa akashuka kwa yule babu taratibu, akafunga mtandio vizuri, akanitazama.

"Zile za kusukumwa, mwanangu, hazikuwahi kumwacha makanga."