Kampuni ya nishati safi ikiandamwa na wanasiasa: ijibu au inyamaze?

Jumamosi jioni, tarehe 13 Julai 2024, bawa la mtambo wa upepo lenye urefu wa mita 107 lilivunjika katika mradi wa Vineyard Wind, baharini karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Viongozi wa kisiwa walilalamika baadaye kwamba wao waliarifiwa Jumatatu. Jumanne fukwe zikafungwa katikati ya msimu wa watalii, maana vipande vya povu gumu na nyuzi za kioo vilikuwa vimeanza kusukumwa ufukoni na mawimbi. Kabla ya siku hiyo wapinzani wa upepo wa baharini walikuwa na hoja ya nyangumi, wakidai kwamba miradi hiyo inawaua. NOAA, idara ya serikali inayoshughulikia bahari na hali ya hewa, ilikuwa imeshasema haina ushahidi wa jambo hilo. Sasa wapinzani wakapata kitu cha kushika mkononi.

Nimeanzia hapo makusudi. Watu wa sekta hii wakikutana kuzungumzia mawasiliano wakati wa misukosuko, husimulia kana kwamba kila pigo linatoka kwa mwanasiasa mwenye chuki na sola au upepo. Wapo wa namna hiyo, tena wengine wana kalamu ya kusaini amri. Ila mara nyingi mwanasiasa huokota jiwe ambalo kampuni yenyewe imeliacha njiani.

Washauri wamegawanyika makundi mawili. La kwanza linasema: jibu upesi, jibu kwa takwimu, usiache uongo ulale hata usiku mmoja. Mfano wao mkubwa ni Texas, Februari 2021. Baridi kali iliangusha umeme kwa mamilioni ya watu, na Gavana Greg Abbott akaenda kwenye televisheni ya Fox News kulaumu upepo na jua. Mtandaoni ikazagaa picha ya helikopta ikiyeyusha barafu kwenye mtambo wa upepo. Ilikuwa picha ya Sweden, ya miaka kadhaa nyuma. Takwimu za wasimamizi wa gridi zilionyesha kwamba umeme mwingi zaidi ulipotea kwenye mitambo ya gesi, makaa ya mawe na nyuklia. Zilipowafikia watu, picha ilikuwa imekwishafanya kazi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema hawa, na kwa Texas siwezi kuwabishia.

Kundi la pili ni la mwenye nguvu mpishe. Hoja yao ni kwamba mwanasiasa anayekushambulia anatafuta mpinzani wa kupigana naye hadharani, na taarifa yako kali kwa vyombo vya habari ndiyo jukwaa analolitaka. Nyamaza, tuma wanasheria, tafuta watu anaowasikiliza yeye, mpe njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Hawa nao wana mfano, na ni mzito.

Tarehe 16 Aprili 2025, serikali ya Rais Donald Trump iliamuru kazi isimame kwenye mradi wa Empire Wind wa kampuni ya Equinor, wenye uwezo wa megawati 810, kwenye bahari ya New York. Equinor haikuzindua kampeni ya matangazo. Ilisema kusimama kunaigharimu hadi dola milioni 50 kwa wiki na kwamba huenda ikauacha mradi kabisa, kisha kazi kubwa ikafanyika vyumbani. Gavana Kathy Hochul wa New York alizungumza na Rais, na serikali ya Norway, yenye hisa nyingi katika Equinor, ikaingia kati. Tarehe 19 Mei amri ikaondolewa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Doug Burgum, ambaye wizara yake ndiyo iliyotoa amri, akaandika hadharani kwamba ametiwa moyo na utayari wa Hochul kusonga mbele na mabomba ya gesi. Msomaji mwenyewe aunganishe vipande.

Agosti 22 mwaka huohuo ikaja zamu ya Revolution Wind, mradi wa kampuni ya Ørsted wa megawati 704 kwa ajili ya Rhode Island na Connecticut. Ulikuwa umekamilika kwa asilimia 80 hivi, mitambo 45 kati ya 65 ikiwa imeshasimama. Ørsted ilifungua kesi mapema Septemba. Septemba 22, Jaji Royce Lamberth akatoa zuio dhidi ya amri hiyo, na kazi ikaendelea.

Tukiishia hapo, mtu atasema njia zote mbili zilileta matunda: mmoja alinong'ona, mwingine alishtaki, wote wakarudi kazini ndani ya takriban mwezi mmoja. Lakini Desemba 22, 2025, serikali ilisimamisha miradi mitano ya upepo baharini kwa mpigo, safari hii kwa hoja ya usalama wa taifa. Empire Wind ilikuwemo. Revolution Wind ilikuwemo. Maelewano ya vyumbani yalikuwa yamenunua miezi saba, na zuio la Septemba miezi mitatu. Januari 2026 kampuni zote mbili zilikuwa mbele ya majaji, na zote mbili zikaruhusiwa kuendelea.

Kwa hiyo dhidi ya mwenye kalamu ya amri, nakubaliana na watu wa kimya, ila kwa nusu tu. Mabango na video za msemaji hazibadilishi amri. Kinachobaki ni karatasi: vibali, tarehe, hesabu ya hasara kwa wiki, barua zilizotumwa na zilizojibiwa. Kampuni iliyoandika mambo yake vizuri tangu mwanzo ina kitu cha kumwonyesha jaji. Kazi ya mtu wa mawasiliano hapo ni ndogo kuliko anavyopenda kuamini, nayo ni kuhakikisha hakuna mtu wa kampuni anayesema redioni jambo litakalomrudia mahakamani. Si kazi ya kumpa mtu jina.

Pale ambapo upinzani unatoka kwa watu wanaoishi karibu na mradi, kimya ni sumu. Kenya inalijua hili. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60.8, ulifutwa Februari 2016 baada ya maandamano ya wenyeji kuhusu ardhi na hofu ya afya. Siasa ilikuwemo, bila shaka, lakini siasa iliota penye maswali ambayo wenyeji waliona hayajajibiwa: nani atalipwa, nani atahama, mtambo utakaa umbali gani na nyumba. Ukisema wamechochewa tu, umewapa wachochezi kura mpya.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Australia Kusini, kwa sababu unalinyima kila kundi ushindi kamili. Tarehe 28 Septemba 2016 tufani iliangusha zaidi ya minara 20 ya nyaya za msongo mkubwa, na jimbo zima likaingia gizani. Kesho yake Waziri Mkuu Malcolm Turnbull alikuwa tayari anazilaumu serikali za majimbo kwa malengo yao ya nishati jadidifu. Watetezi wa upepo wakajibu haraka, kama kundi la kwanza linavyofundisha: kilichoangusha minara ni tufani, si mitambo yetu. Ilikuwa kweli. Kisha uchunguzi wa AEMO, mwendeshaji wa soko na gridi ya umeme, ukaeleza kilichotokea katikati. Volti ziliporomoka mara sita ndani ya dakika mbili. Mashamba tisa ya upepo yalikuwa na mipangilio ya kujikinga iliyoweka kikomo cha idadi ya mishtuko ya kuvumilia, na yakapunguza umeme kwa jumla ya megawati 456. Pengo hilo likazidisha mzigo kwenye laini inayounganisha jimbo hilo na jimbo jirani la Victoria, nayo ikajikata. Mipangilio ilirekebishwa baadaye, na haikuwa kasoro ya upepo kama upepo.

Mwanasiasa alikosea kuhusu chanzo. Waliojibu haraka walikuwa sahihi kuhusu chanzo na kimya kuhusu mchango wao, na mchango huo ulipojitokeza, hata sehemu ya kweli ya jibu lao ilipungua thamani. Wangesema siku ya kwanza, "minara imeanguka kwa tufani, na tunachunguza mitambo yetu ilifanyaje baada ya hapo," wangepoteza nini? Kichwa kimoja cha habari, pengine. Wanasheria hawapendi sentensi ya namna hiyo kwa sababu inafungua mlango wa madai, na hofu yao ina msingi. Lakini madai huja hata bila sentensi. Kwa bawa la Nantucket, GE Vernova, iliyolitengeneza, ilieleza ndani ya wiki mbili kwamba kasoro ilitoka kiwandani, kwenye gundi. Mwaka mmoja baadaye ilikubali kuilipa Nantucket dola milioni 10.5. Kilichowaudhi zaidi wenyeji, kwa kadiri ninavyosoma malalamiko yao, ni zile siku mbili za mwanzo.

Kuna pingamizi moja ninalolipa uzito. Kampuni ndogo ya sola haina serikali ya nchi nyingine nyuma yake, wala fedha za kesi. Itanyamaza kwa sababu haina njia nyingine. Hapo narudi Texas. Mwaka 2025 Seneti ya jimbo hilo, iliyo chini ya Warepublikani, ilipitisha miswada kadhaa ya kuubana upepo na jua, ukiwemo SB 819. Waliojitokeza kuipinga hawakuwa kampuni za nishati peke yake. Walikuwepo wafanyabiashara, na walikuwepo wenye mashamba wanaolipwa kodi ya ardhi kwa kila mtambo na wasiotaka kupangiwa wamkodishe nani. Miswada hiyo ilifia kwenye Baraza la Wawakilishi, mikononi mwa chama kilekile.